Kulanti za madukani Dar: pinki, nyekundu au kijani, ipi ya kumimina kwenye rejeta

Ukisimama mbele ya kaunta ya duka la spea Gerezani ukaomba kulanti, swali la kwanza la muuzaji huwa ni la rangi: "Ya kijani, nyekundu au pinki, kaka?" Hapo ndipo wenye magari wengi wa jiji hili wanapoponzeka. Rangi hutiwa kiwandani ili uione kulanti ikivuja na usiichanganye na maji, basi. Hakuna utaratibu wa dunia nzima unaosema kijani ni kitu gani na pinki ni kitu gani. Pinki ya Volkswagen na pinki ya Toyota zina dawa tofauti za kuzuia kutu, ingawa kwa macho ni ndugu. Kwa hiyo hapa hatupimi rangi. Tunapima kilichomo ndani ya dumu, na kitakachoikuta injini baada ya miaka miwili ya joto la pwani na foleni ya barabara ya Mandela.

Kwanza hoja inayosikika kila gereji: "Huku hakuna barafu, maji ya bomba yanatosha." Ni kweli kwamba Dar es Salaam hakuna maji yatakayoganda ndani ya rejeta. Lakini kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Ndani yake kuna maji, ethilini glaikoli na dawa za kuzuia kutu, na kwa hali ya hewa ya hapa kinachotuhusu ni hizo dawa pamoja na uwezo wa glaikoli wa kuchelewesha kuchemka. Maji matupu kwenye usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka karibu nyuzi 107. Ukiubana kwa mfuniko mzima wa rejeta wenye nguvu ya 1.1 (namba ya mgandamizo iliyoandikwa juu yake), maji yanafika nyuzi 120 hivi na mchanganyiko unafika karibu 128. Nyuzi hizo nane ndizo zinazokuokoa pale gari limesimama kwenye foleni, kiyoyozi kinanguruma na hakuna upepo unaopita kwenye rejeta zaidi ya ule wa feni.

Suala la kutu ni kubwa kuliko hilo. Silinda hedi (kichwa cha injini) ya karibu kila gari dogo la Kijapani lililoko barabarani hapa ni ya alumini, rejeta nayo ni ya alumini yenye vichwa vya plastiki. Sasa chukua birika linalochemshia maji ya kisima, Kigamboni au sehemu nyingine yoyote ya mji ambako visima vina chumvi. Tazama chini yake: utaona utando mweupe, mgumu, ambao hata steelwaya inaukwangua kwa taabu. Utando kama huo ndio unaojijenga ndani ya mirija ya rejeta, na mirija hiyo ni myembamba kiasi kwamba haihitaji tabaka nene kuziba. Chumvi yenyewe, kwa upande wake, inaitoboa alumini vitundu vidogo vidogo. Maji ya bomba ni afadhali kuliko ya kisima, lakini nayo yana madini na klorini, na hayana dawa yoyote ya kulinda chuma.

Sasa tuje kwenye madumu yenyewe.

Ya pinki ya Toyota, ambayo jina lake la kiwandani ni Super Long Life Coolant, ndiyo tunayoiweka mbele kwa mwenye IST, Vitz, Raum, Spacio, Passo, Noah au RAV4. Mara nyingi inauzwa ikiwa imeshachanganywa na maji yaliyosafishwa, unafungua na kumimina. Hilo peke yake linastahili bei yake, na sababu yake haijulikani sana. Watengenezaji wa Japani hutumia dawa ya jamii ya fosfeti kulinda alumini na huepuka silika, kwa sababu silika huharakisha kuisha kwa sili ya pampu ya maji. Wazungu wengi wanafanya kinyume, wanaepuka fosfeti, kwa sababu maji yao ni magumu: fosfeti ikikutana na maji yenye chokaa nyingi inagandamana nayo na kutoa magamba. Sasa fikiria fundi anayechukua kulanti nzuri ya Kijapani iliyokolea, halafu anaipunguza kwa maji ya kisima cha Mbagala. Dawa iliyonunuliwa ilinde rejeta ndiyo hiyo hiyo inayogeuka magamba ndani yake. Iliyochanganywa kiwandani inakuondolea hatari hiyo kabisa.

Ratiba ya Toyota kwa kulanti hii ni kilomita 160,000 kwa ile iliyotoka na gari kiwandani, kisha kila kilomita 80,000 baada ya hapo. Lakini gari la mtumba limeshapita mikono mingi, na huwezi kujua kilichomo ndani ni cha kiwandani au kilimiminwa na nani. Anza kuhesabu upya siku unayomwaga ya zamani. Tungesema kilomita 80,000 au miaka minne, kitakachotangulia.

Ina faida nyingine ambayo mafundi wazuri wanaipenda: ikivuja na kukauka, inaacha unga wa pinki. Mulika tochi chini ya puli ya pampu ya maji, kwenye maungio ya hosipaipu, na pale kichwa cha plastiki cha rejeta kinapokutana na alumini. Kamstari kembamba ka pinki kaliokauka kanakuambia mahali pa kuvuja miezi kadhaa kabla gari halijachemsha. Maji matupu hayakuachii ushahidi wa wazi namna hiyo.

Kasoro yake ni bei, maana inazidi ya kijani mara kadhaa, na kwa kuwa ina bei, inaigizwa. Angalia kizibo: karatasi ya ndani ibandikwe imara kote, tarehe ya kutengenezwa ichapishwe kwenye dumu lenyewe na si kwenye kijikaratasi cha gundi, na maandishi yaseme wazi kama iko tayari kutumika au ni ya kuchanganya. Lebo isiyosema chochote kuhusu mchanganyiko, liache dumu hilo hapo hapo kaunta.

Nyekundu ya Toyota, ile Long Life Coolant ya zamani, ni bidhaa nzuri iliyopata sifa mbaya kwa kosa la watumiaji. Kwa kawaida huja ikiwa imekolea, yaani haijachanganywa. Kuna wanaoimimina tupu wakidhani ikiwa nzito ndivyo itakavyopooza zaidi. Haiko hivyo. Glaikoli hubeba joto kidogo kuliko maji, na ikizidi inakuwa nzito kwa pampu. Injini yenye glaikoli tupu inapata moto zaidi ya ile yenye nusu kwa nusu. Kwa Dar, asilimia 30 hadi 50 inatosha. Isishuke chini ya 30, kwa sababu chini ya hapo hata dawa za kutu zinakuwa chache mno kufanya kazi. Kwa mfumo wa lita tano, lita mbili za nyekundu na lita tatu za maji yaliyosafishwa ni kipimo kizuri. Inahitaji kubadilishwa mapema kuliko pinki, kila miaka miwili hadi mitatu au kilomita 40,000.

Maji hayo yaliyosafishwa hapa mjini hupatikana kama maji ya betri, madukani na kwenye sheli nyingi. Soma chupa vizuri kabla ya kulipa. Kuna tindikali ya betri inayouzwa kwenye chupa zinazofanana, na wapo wauzaji wanaoviita vyote viwili kwa jina moja. Ukimimina tindikali kwenye rejeta ya alumini, umeiua.

Kuna gari nyingine zenye desturi zao. Honda na Subaru za miaka ya karibuni hutumia ya bluu, magari ya Ulaya yana yao, na hapo fuata kitabu cha gari na namba za viwango zilizoandikwa kwenye dumu. Kwa bidhaa ya Kijapani tafuta JIS K 2234. Za Kimarekani na nyingine nyingi huandika ASTM D3306. Dumu lisilotaja kiwango chochote halistahili kuingia kwenye injini.

Na hiyo inatuleta kwenye kijani ya bei ya chini, zile chupa na madumu yanayopangwa nje ya maduka kuanzia Kariakoo hadi Tegeta. Si kila kijani ni mbaya. Kijani ni rangi ya siku nyingi, na zipo zenye glaikoli kamili na dawa kamili. Lakini nyingine zina maji, rangi na povu, na jicho haliwezi kutofautisha. Friza ya nyumbani inaweza.

Friza nyingi zikikaza zinafika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Wa asilimia 30 unaanza kuganda kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Basi mimina vijiko vinne vya kulanti iliyokwisha kuchanganywa kwenye kichupa kidogo cha plastiki, kifunge, kiandike SUMU kwa maandishi makubwa, kitie ndani ya mfuko, kiweke kwenye friza mbali na chakula na uache usiku kucha. Asubuhi kitikise. Ikiwa inachezacheza kama ilivyokuwa jana, ina glaikoli ya kutosha. Ikiwa ni uji wa barafu unaosogea taratibu, iko karibu na asilimia 30, inapita kwa tabu na haina nafasi ya kuongezewa maji. Ikiwa ni jiwe, ulichonunua ni maji ya rangi. Fundi mwenye rifraktomita, kifaa kidogo cha kupimia kiasi cha glaikoli, anapata jibu hilo kwa tone moja na sekunde chache, na gereji inayoitumia kabla ya kukuuzia kulanti inajua kazi yake.

Lakini kipimo hiki kina mpaka. Friza inapima glaikoli, haipimi dawa za kutu. Kwa kulanti iliyoko tayari kwenye gari, ongeza karatasi za kupimia pH (kiwango cha tindikali), zile zinazouzwa kwa wenye mabwawa ya kuogelea na samaki. Ikisoma chini ya 7, kulanti imegeuka chachu na imeanza kula chuma. Imwage hata kama rangi bado inang'aa.

Swali linaloulizwa sana: naweza kuongeza pinki juu ya kijani iliyomo? Kwa dharura ya kukufikisha nyumbani, ndiyo. Kwa kuendelea nayo, hapana. Dawa zikichanganyika zinafupishana maisha, na baadhi zikikutana zinatoa tope linaloshika kwenye mirija ya hita na rejeta. Hata kulanti bora ikimiminwa juu ya kutu ya maji ya miaka mitatu itakuwa kahawia ndani ya wiki chache. Kwa hiyo sehemu kubwa ya thamani ya pesa yako iko kwenye kusafisha, na hapa ndipo gereji nyingi zinapokata kona: zinafungua koki ya chini ya rejeta, zinamwaga kinachotoka, zinajaza. Kinachobaki ndani ya bloku (kiwiliwili cha injini) na hita ni zaidi ya lita moja, wakati mwingine karibu mbili.

Kazi yenyewe ifanywe hivi. Injini iwe baridi kabisa, yaani gari limelala usiku. Washa swichi, weka kitasa cha joto la ndani mwisho wa moto ili njia ya hita iwe wazi, halafu zima. Fungua mfuniko wa rejeta, kisha koki ya chini, na kama bloku ina koki yake, nayo ifunguliwe. Vua tanki la akiba ulioshe. Tope jingi hulala humo na hakuna anayelitazama. Funga koki, jaza maji yaliyosafishwa, funga mfuniko, washa injini mpaka hosipaipu ya juu na ya chini zote ziwe za moto, dalili kwamba themostati, yaani vali inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imefunguka. Zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe. Kwa gari lililokunywa maji ya kisima, raundi nne si ajabu. Ukiamua kutumia maji ya bomba kwa raundi za mwanzo ili kupunguza gharama, ni sawa, ila raundi mbili za mwisho ziwe za maji yaliyosafishwa.

Wakati wa kujaza, mimina polepole na ubonyeze hosipaipu ya juu na ya chini kwa mkono mara kadhaa. Utasikia hewa ikitoka kwa mikoromo na kina kikishuka. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayofanya gari lililotoka gereji leo lichemshe kesho: kiputo kikikaa kwenye silinda hedi, mahali hapo hapapati ubaridi, na sensa ikizungukwa na hewa badala ya kulanti inasoma uongo. Jaza tanki la akiba katikati ya alama mbili, tembea kilomita kadhaa, liache gari lipoe usiku, angalia tena asubuhi. Kushuka kidogo mara moja ni hewa iliyotoka. Kushuka kila wiki ni kuvuja, na hakuna kulanti ya rangi yoyote inayotibu hilo. Mfumo huu umefungwa. Kulanti haiishi kama mafuta. Unga wa kuzibia, achilia mbali pilipili manga na mayai yanayotiwa na baadhi ya watu, huziba tundu pamoja na mirija ya hita iliyokuwa mizima.

Magari mengi ya injini ya 1NZ-FE, ile ya Toyota iliyomo kwenye IST nyingi, yanachukua lita tano hivi kwa mfumo mzima. Noah yenye hita ya nyuma inachukua zaidi. Kwa IST nunua lita sita za pinki iliyokwisha kuchanganywa. Kitakachobaki kikae kwenye buti kwa kuongezea.

Tukiwa bado kaunta, kitu kimoja kinunuliwe pamoja na dumu: mfuniko wa rejeta. Ni spea rahisi inayosahaulika kuliko zote, na mfuniko uliolegea unaipokonya kulanti yako zile nyuzi zote za ziada. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, nunua namba ile ile iliyokuwepo, maana kuweka 1.1 kwenye rejeta kuukuu ya 0.9 kunaweza kupasua mshono wa plastiki. Geuza wa zamani uuangalie mpira: ukiwa mgumu, umechanika au una alama ya kuzama, umekwisha. Ukikuta hosipaipu ya juu imebonyea kama imefyonzwa asubuhi injini ikiwa baridi, vali ndogo ya katikati ya mfuniko imekwama au kimpira cha kwenda tanki la akiba kimeziba.

Themostati nayo usikubali ing'olewe. Ni ushauri wa kila siku wa vijiweni, kwamba Dar ni joto hivyo themostati ni kikwazo. Kwenye 1NZ-FE inafunguka karibu nyuzi 82. Bila hiyo injini inakawia kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaongeza petroli, oili inabaki nzito, na matumizi yanapanda bila sababu unayoiona. Kwenye injini ambazo themostati pia huziba njia ya mkato, kuing'oa kunayaacha maji ya moto yazunguke humo humo bila kupita rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Wenye Vitz na Passo wajue jambo moja la dashibodi: nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishazidi. Nyekundu ikiwaka, hujachelewa kama utatenda dakika hiyo hiyo. Zima kiyoyozi, fungua hita mwisho wa moto na feni mwisho wa nguvu, toka pembeni, zima injini. Usifungue mfuniko na usimwage maji baridi juu ya injini ya moto. Alumini ikishtuliwa inapinda au kupasuka. Subiri nusu saa kwa uchache, na uguse hosipaipu ya juu kwa kitambaa kwanza. Ikiwa bado ngumu, mgandamizo ungali ndani. Baada ya hapo chomoa kizibo cha oili utazame chini yake. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yakipanda kwenye rejeta injini ikinguruma, gasketi ya silinda hedi imeachia na gari liondoke kwa kuvutwa.

Kulanti kuukuu isimwagwe mtaroni wala uani. Ethilini glaikoli ina ladha ya utamu, na kiasi kidogo kinaweza kuua paka, mbwa au mtoto. Irudishe kwenye dumu ililotoka, funga kizibo, uandike, na uipeleke gereji inayokusanya oili chafu ukaulize kama wanapokea. Usiimimine ndani ya pipa la oili, na usiiweke hata siku moja kwenye chupa ya maji ya kunywa au juisi.